Mbweha Hakumng'ata Mwanangu

Ndugu zangu, mimi ni mwongo. Naanza hivyo ili mtu asije akanionea huruma kabla hajajua nilichofanya. Kuna wanyama wamekufa kwa sababu ya mdomo wangu, na kuna bibi wa watu ameng'olewa kwenye nyumba aliyoishi tangu mumewe yu hai. Sikulazimishwa. Sikutishwa. Nilisema mwenyewe, mbele ya watu, kwa mdomo huu huu ninaoombea dua!

Jina langu sitoi. Mkisoma mtaelewa ninachokiogopa, maana nakiogopa mpaka leo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nakaa Queensbury, London, vyumba viwili vya chini, nyuma ya nyumba ya mtu. Kazi yangu ni kea. Ejensi inanituma majumbani kwa wazee wa Kizungu, nawaogesha, nawavisha, nawapa dawa zao, naondoka. Nina binti mmoja, nimwite Zuhura. Mambo haya yalipotokea alikuwa na miaka mitano. Baba yake yuko Birmingham na mke mwingine, huyo tumwache huko huko.

Jirani yetu alikuwa bibi wa Kihindi, mjane, Mgujarati aliyezaliwa Mwanza. Tulimwita Ba, kama wenyewe wanavyomwita mama. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, cha Mwanza ya zamani, na wallahi kilikuwa kinanikosha roho! Katika jiji ambalo mtu anaweza kukaa wiki nzima hajasalimiwa, mimi nilikuwa nikigongewa ukuta asubuhi: "Mama Zuhura! Chai iko tayari, wewe nakuja au mimi namwaga?"

Ba ndiye aliyenilelea Zuhura. Nikienda shifti, mtoto yuko kwake. Nikirudi, mtoto amekula, amesukwa, anaimba wimbo wa Kigujarati ambao sijui hata unasema nini. Hakuwahi kuniambia amechoka. Hakuwahi kuniambia ana kazi zake.

Sasa, huku London mbweha si mnyama wa kusikia kwenye hadithi. Wanapita mtaani kama paka, wanafukua mapipa ya taka, wanalala juani kwenye bustani za watu. Ba alikuwa na jike mmoja amezaa chini ya kibanda cha vifaa nyuma ya nyumba yake. Kila siku akimwekea chapati iliyobaki, ameipaka samli! Nilikuwa namtania, "Ba, wewe unafuga mbwa mwitu." Naye ananijibu, "Wewe nakula kuku kila Ijumaa, mimi iko sema kitu?"

Niwaeleze kidogo nyie msiokaa huku, maana bila hili hamtaelewa. Zamani Waingereza wenye mashamba walikuwa wakimwinda mbweha kwa farasi na kundi zima la mbwa, watu wamevaa makoti mekundu, wanapuliza tarumbeta. Baadaye sheria ikapiga marufuku. Lakini ugomvi haukuisha hata siku moja. Wako wanaosema marufuku ibaki na ikazwe zaidi, kwa sababu wawindaji wanajifanya mbwa wao wanafuata harufu iliyopakwa tu njiani, kumbe mbweha bado wanararuliwa. Na wako wanaosema marufuku iondolewe, mbweha wamezidi, wanamaliza kuku na wana-kondoo, na mila za mashambani zinakufa.

Mimi haya nilikuwa nayasikia kwenye redio za wazee ninaowahudumia. Wazee wenyewe wanagombana na redio, mimi napita na beseni langu. Yananihusu nini mimi? Mbweha hajanikosea, na farasi sina.

Basi siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Zuhura aliniomba wali wa nazi. Maziwa ya nazi ya kopo yamejaa madukani, lakini mimi wali wa kopo siuwezi. Nilikuja na mbuzi yangu ya kukunia nazi toka Tanga ndani ya begi, nimeifunga na khanga. Nikaketi sakafuni jikoni, nikakuna kizio kimoja cha nazi. Simu ikalia.

Ejensi! Kea mwenzangu ameugua, kuna mzee mtaa wa tatu hajaamshwa kitandani, niende mara moja. Wenye kazi hizi mnajua. Ukikataa leo, kesho simu yako hailii.

Nikagonga kwa Ba. Kimya. Nikakumbuka ana sherehe hekaluni, amechukuliwa na wenzake tangu alfajiri.

Hapo ndipo nilipokosea, na mengine yote yalizaliwa hapo. Nilimwekea Zuhura katuni, nikamwambia usifungue mlango, mama anakuja sasa hivi. Nikatoka. Mtoto wa miaka mitano!

Na mbuzi ya nazi nikaiacha wazi katikati ya jikoni, na kizio cha pili pembeni.

Niliporudi nilimkuta amekaa chini ya meza, mkono ameuzungushia khanga yangu, khanga imelowa damu. Halii. Kulia alikuwa ameshamaliza. Alitaka kunikunia nazi, maskini, ili nikirudi nikute kazi imekwisha. Alipanda, mbuzi ikapinduka, akaangukia meno ya kile chuma cha kukunia. Kuanzia kwenye kiwiko kushuka chini kulikuwa na vishimo vimejipanga nusu duara, na nyama imechanika.

Nilimbeba nikakimbia hospitali. Njia nzima sikuwaza mkono. Astaghfirullah, nasema ukweli wangu: nilikuwa nawaza watu wa ustawi wa jamii, wale sisi huku tunaowaita soshal. Hakuna mama wa Kiafrika London asiyewaogopa. Kila mmoja wetu ana hadithi ya mtu anayemjua, aliyemwacha mtoto peke yake kidogo tu, wakaja, wakamchukua, mpaka leo anamwona kwa miadi chumbani mwa serikali, mtu mwingine amekaa pembeni anaandika. Hadithi nyingine ni za kweli, nyingine zimekolezwa chumvi. Lakini hofu ile ni moja.

Nesi alifunua khanga. Akauangalia mkono, akakunja uso.

"Hizi ni kama alama za meno," akasema. "Mna mbwa nyumbani?"

"Hatuna mbwa."

"Basi nini? Mbweha?"

Ninawaapia, neno hilo alinipa yeye! Mimi nililipokea tu. Nikasema ndiyo, mbweha. Aliingia kwa mlango wa jikoni, nilikuwa nimegeuka naosha vyombo. Ilinitoka laini, kama kitu nilichokuwa nimekiandaa tangu nyumbani. Ningemwambiaje Mzungu yule kuhusu mbuzi ya nazi? Angeniuliza, na wewe ulikuwa wapi?

Akasema daktari anakuja. Alipotoka tu, nikapiga magoti mbele ya mwanangu.

"Zuhura, nani alikung'ata?"

"Nobody, Mum. I fell."

"Hapana. Sikiliza mama. Ni mbweha. Sema fox."

Akaniangalia. Anakielewa Kiswahili changu chote, ila hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku. "But there wasn't a fox."

"Ukisema umeanguka watakuchukua. Utalala kwa watu usiowajua. Unataka?"

Akatikisa kichwa. Machozi yaliyokuwa yamekauka yakaanza upya. Nikamuuliza tena, nani alikung'ata? Akasema, "The fox." Nikambusu. Nikamuuliza tena, na tena, mpaka akawa anajibu kabla sijamaliza. Mtoto anavuja damu, mimi namfundisha uongo!

Daktari alishangaa kidogo kwamba meno ni ya upande mmoja tu. Nikamwambia mtoto alivuta mkono haraka. Akaridhika, akashona.

Baada ya siku chache mama mmoja wa soshal alikuja kweli nyumbani. Mpole, ana sauti ya chini. Alifungua friji, akaangalia kitanda, akamwomba Zuhura amweleze. Mwanangu akaeleza vizuri kuliko nilivyomfundisha. Akaongeza kwamba mbweha alikuwa na macho ya njano na alinuka. Yule mama akaandika, akanipa pole, akaniambia nifunge mlango wa jikoni. Alipoondoka nilimnunulia Zuhura aiskrimu. Niliona mwanangu ana akili!

Ba naye alikuja kumwona mgonjwa, ameleta maziwa ya moto yaliyotiwa manjano. Akamshika mkono, siku hiyo nilikuwa nabadilisha bandeji. Akauangalia muda mrefu. Halafu akaniangalia mimi. Akasema tu, "Pole, mtoto," akamnywesha maziwa. Sikuelewa. Au sikutaka kuelewa.

Kama ningeishia hapo, labda Mungu angenisitiri. Lakini uongo haukai mahali ulipouweka.

Jirani wa juu aliandika kwenye kundi la simu la mtaa kwamba mbweha ameingia ndani kumng'ata mtoto. Ikasambaa. Mwandishi wa habari akapiga, nikajibu maneno mawili matatu, picha ya mkono ikatoka. Halafu ndipo akanipigia mwanamke mmoja. Nitamwita Mama Mabuti, kwa sababu siku alipokuja kwangu alivaa mabuti ya ngozi yanayong'aa mpaka magotini, akakaa kwenye kochi langu lililochanika kana kwamba amezoea.

Alikuwa wa chama cha wale wanaotaka uwindaji urudi. Akaniambia watu wa mjini wanawaona wao kama matajiri wanaocheza na farasi. Akaniambia, wewe ni mama, mfanyakazi, wa hapa hapa London, wewe unajua mbweha ni nini. Kutakuwa na mdahalo mjini, ukumbi mkubwa. Je, ningependa kuja kusema ninavyoona?

Ndugu zangu, miaka yote niliyokaa nchi hii, nikiwafuta na kuwalisha, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ninaonaje. Hata hali ya hewa hawaniulizi, wananiambia! Na huyu amekuja mpaka kochini kwangu, anataka maoni yangu. Hakuniahidi hata shilingi. Alinipa heshima tu, na mimi nilikuwa na njaa nayo.

Na nilikuwa na hesabu nyingine kichwani. Nikajiambia, nikisema ukumbini, watu wengi wakasikia, soshal hawatarudi kuuliza. Uongo uliosemwa na wengi unageuka kuwa habari.

Kaka yangu wa Tanga nilipomwambia alifurahi, akatangaza kwenye kundi la familia: dada yetu anakwenda kuwahutubia Wazungu! Watu wakanitumia maua na mikono ya kupiga makofi. Mama yangu akanitumia sauti ananiombea dua nisitetemeke.

Nilitetemeka. Siku yenyewe ilipofika nilitaka kughairi. Nikamwambia Ba. Nilijua msimamo wake, maana kwao kuua kiumbe ni dhambi, hata mchwa anamfagia kwa upole. Akafunga sweta lake.

"Mimi hapana penda hii habari ya kuua," akasema. "Lakini wewe naogopa. Mimi nakuja, nashika mtoto."

Akaja! Mwanamke asiyekubaliana nami alipanda treni pamoja nami, kwa ajili yangu. Akakaa mstari wa tatu, Zuhura mapajani mwake, sari nyeupe na raba za michezo.

Ukumbi ulijaa. Upande mmoja makoti ya kijani na kofia za shamba, upande mwingine vijana wenye mabango. Nilisema maneno yangu vizuri. Nilisema mimi ni mama, nilisema damu, nilisema khanga. Mama Mabuti alikuwa ananiitikia kwa kichwa taratibu kunitia moyo. Nilipomaliza walinipigia makofi, na sitadanganya tena: yalikuwa matamu!

Kisha akasimama kijana wa upande wa pili, mwembamba, hana hata hasira. Kwanza alieleza wawindaji wanavyofanya. Alisema siku ya kuwinda, kabla mbwa hawajafunguliwa, mtu anatangulia kuziba mashimo yote ambayo mbweha anajificha, ili akikimbilia kwake akute pamefungwa. Nikamsikia, nikasema moyoni, shauri yao.

Halafu akanigeukia. Akanipa pole kwanza. Akasema, "Dada, mbweha ni mwoga sana kwa mtu. Nimefanya kazi na wanyama hawa, sijawahi kuona mmoja anaingia jikoni mchana, mama yupo, akamng'ata mtoto aliyesimama. Unadhani ni kwa nini alifanya hivyo?"

Ukumbi mzima ukanitazama. Nikamwona mama wa soshal kichwani mwangu, na daftari lake. Nikawaza, wameshajua. Nilihitaji sababu, yoyote, mara moja.

Nikainua mkono, nikanyoosha kidole mstari wa tatu.

"Kwa sababu ya jirani yangu," nikasema. "Yule pale. Anawalisha kila siku. Amewazoesha. Hawaogopi watu tena kwa sababu yake."

Vichwa vyote viligeuka. Simu zikainuliwa. Mtu mmoja wa makoti ya kijani akapaza sauti, "Aibu!" Na wengine wakafuata, aibu, aibu. Hata wale vijana wa mabango, waliokuwa upande wake, hakuna aliyesimama kumtetea. Wao pia walimwona ameharibu hoja yao.

Ba ameishi London miaka na miaka, Kiingereza anakielewa kuliko mimi. Angeweza kujitetea. Alichofanya aliweka viganja vyake viwili juu ya masikio ya Zuhura.

Nikasikia sauti ya mwanangu, "Why is everyone looking at Ba?"

Asante ya punda ni mateke. Msemo huo nimeusema mimi mara ngapi kwa watu wengine!

Tulikuja pamoja, ikabidi turudi pamoja. Mnaijua treni ile, viti vinatazamana. Ba alimmenyea Zuhura chungwa, kipande kimoja kimoja, akampa, mpaka likaisha. Mimi nilisoma tangazo la dawa ya mafua juu ya kichwa chake, nikalisoma tena. Tulipofika mlangoni akasema, "Lala salama," kama siku zote.

Video ikatoka. Sekunde chache tu, kidole changu, halafu uso wa Ba. Wakaipa vichwa vya habari vya kila aina. Watu wa mtaa waliokuwa wakimwamkia wakaanza kuvuka barabara. Akamwagiwa mapipa ya taka mlangoni. Watoto wakawa wanambwekea akipita kwenda dukani. Bibi wa watu, anambwekewa!

Nilimwandikia Mama Mabuti, nikamwomba aseme kitu, awaambie watu wamwache. Alinijibu kwa adabu kwamba mambo ya jirani yangu hayamo katika kampeni yao. Baada ya hapo hakujibu tena. Wale wa marufuku nao waliandika kwamba mimi nimenunuliwa. Pande zote mbili zilivutana mkono wa mwanangu huku na huku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza mwenyewe kama bado unamuuma.

Mwana wa Ba akaja kutoka Leicester. Mtu mkubwa, ana duka la dawa, ameona mama yake kwenye simu za wateja. Alikuja na aibu yake na hasira yake. Akawaita watu wa kutega. Wakaweka vizimba vya waya kando ya kile kibanda, na ndani ya vizimba chakula.

Unajua walitumia nini? Chapati za Ba. Mwanawe alizitoa jikoni.

Walikuja asubuhi, mimi natengeneza uji. Ukuta wetu ni mwembamba. Nilisikia Ba akisema na mwanawe kwa Kigujarati, sauti inapanda, halafu imekatika. Kisha nikasikia mlio mdogo wa bunduki nje, mkavu, kama mtu amefunga kabati. Halafu mingine, midogo vile vile, kwa watoto wa yule jike.

Ba alifunga siku nyingi baada ya hapo. Hali, hazungumzi. Alikwepa mchwa maisha yake yote, na mimi nikamletea mauaji bustanini kwake.

Mwanawe akaamua kumhamisha. Siku ya kuondoka nilisimama mlangoni kwangu nikiwa sijui kama niende au nijifiche. Yeye ndiye aliyekuja. Akaniambia niingie, kuna vitu vya jikoni hataki kubeba, nichague.

Akafungua kabati la chini. Akatoa mbuzi ya nazi. Ya mti mweusi, ya zamani, imechakaa kwa kukaliwa.

"Toka Mwanza nakuja nayo," akasema. "Dada yangu pia iliangukia, bado mtoto. Hapa." Akajigusa mkono, pale pale. "Hii meno mimi najua."

"Ba, ulijua?"

"Siku ya kwanza."

"Kwa nini hukusema? Pale ukumbini! Kwa nini hukusema?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kitu cha kijinga. "Mimi nasema, wao nachukua mtoto. Wewe nabaki na nani?"

Nilianguka miguuni pake. Nililia kwa sauti kama msibani. Alinishika bega, lakini hakuniambia amenisamehe. Nalisema wazi ili mtu asijidanganye: hakusema. Mwanawe akapiga honi nje, Ba akatoka, akampungia Zuhura. Tangu siku hiyo nimepiga simu Leicester, anapokea mkwewe, ananiambia amelala. Kila saa amelala.

Mnaweza kuniuliza, kwa nini sikwenda kusema ukweli? Nilijaribu, wallahi. Nilifika mpaka mlango wa ofisi ya soshal, nikaona mama mmoja anatoka analia, nikageuka. Ba amekwisha kupoteza nyumba ili nisipoteze mtoto. Nikienda sasa wakamchukua, bibi wa watu atakuwa ameteseka bure. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Kama ni sababu au ni woga umevaa nguo za sababu, amueni nyinyi.

Na ugomvi wa mbweha bado unaendelea. Nikisikia redio za wazee wangu nawasikia wanabishana, marufuku ibaki, marufuku iondoke, na mara moja moja mtu anasema, "Yule mtoto wa London aliyeng'atwa." Nasimama na beseni mkononi, natamani sakafu inimeze! Wako watu wanajenga hoja ya sheria ya nchi nzima juu ya kifuu changu cha nazi.

Nikaona basi, angalau mtu mmoja lazima aujue ukweli kutoka kwangu. Mwanangu. Sasa ana miaka saba. Alikuwa amekataa kutoka nje kucheza kwa sababu ameona mkia wa mbweha nyuma ya uzio. Analala taa zinawaka. Shuleni alishasimama mbele ya darasa akaonyesha kovu, akasimulia, mwalimu akaniambia aliwatoa machozi watoto wenzake.

Nikamkalisha. Nikamwambia polepole, Zuhura, mama alikosea. Hakukuwa na mbweha. Ulianguka kwenye mbuzi ya nazi, mama akakufundisha kusema uongo kwa sababu aliogopa. Ba hakufanya kosa lolote. Mbweha pia hakufanya kosa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akalishika kovu lake. Akaniambia kwa Kiingereza chake, bila hasira, kama mtu mzima anayemsahihisha mtoto, kwamba mbweha alikuwepo. Alikuwa na macho ya njano. Alinuka. Aliingia kwa mlango wa jikoni.

"Hapana mwanangu. Mimi mama yako nakwambia."

"You don't know, Mum," akasema. "You weren't there."

Kweli, sikuwepo. Hilo ndilo neno pekee la kweli lililosemwa tangu siku ile, na amelisema yeye.

Nyinyi mama zangu na dada zangu mlio ugenini, mnaoacha watoto dakika kumi mkakimbilie shifti, siwahukumu, nani mimi? Lakini likitokea la kutokea, semeni siku ile ile. Semeni, nilimwacha peke yake, ni kosa langu, hata kama meno yanagongana. Msitafute mnyama wa kumsingizia, wala jirani. Na zaidi ya yote msimtie mtoto uongo mdomoni, maana mimi nimerudi kuuchukua wangu nimekuta ameshaumeza.